Mama mgongo unamuuma tangu mzee afariki, vipimo vinasema hana kitu. Huzuni inaweza kuongeza maumivu kweli?

Mwana wa Muheza:

Habari za jioni wakuu, samahani uzi ni mrefu kidogo ila jambo hili linaninyima usingizi, naomba mnisomee mpaka mwisho.

Baba yetu alifariki mwezi wa 8 mwaka jana, ghafla tu, asubuhi kaenda shamba jioni tunapigiwa simu. Mama akaingia eda, miezi 4 na siku 10, na humo humo ndani ya eda ndo mgongo ukaanza. Mwanzoni tukasema ni ile kukaa chini kwenye godoro siku zote za msiba, watu wanaingia wanatoka, mwili haujanyooshwa. Tukamkanda maji ya moto, tukamchua, ukatulia kidogo alafu ukarudi na safari hii haukuondoka.

Eda ilivyoisha nikamleta mjini hospitali moja, eksirei ikapigwa, damu, mkojo, hela ikatoka. Dokta akaitazama ile picha kidogo tu akasema pingili zimelika kawaida ya umri (ana miaka 61), mama hana kitu, ni mawazo tu, mwambieni aache kuwaza. Akamwandikia diklofenaki tukaondoka. Kwenye gari mama hakuongea neno, kaangalia dirishani mpaka tunafika. Tulivyoshuka ndo akaniuliza, "Kwahiyo mwanangu, mimi naigiza?"

Sikuwa na jibu.

Dada yangu mkubwa yeye anasema wazi kwamba mama anadeka. Ushahidi wake ni harusi ya binamu yetu, mama aliamka alfajiri akachambua mchele sufuria kwa sufuria, akapika na wenzake, akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, mgongo hakuutaja hata mara moja. Kesho yake hawezi kuinuka kitandani. Dada anasema ugonjwa gani huo unachagua siku.

Mi nimekaa naye wiki 2 likizo nikaona kitu. Mchana wajukuu wakiwepo anapika, anafagia, anawatania. Ikifika usiku baada ya isha, ule muda mzee alikuwa anarudi msikitini na kukohoa pale mlangoni kabla hajaingia, ndo mama anajishika kiuno na kutafuta pa kuegemea. Nimefuatilia siku 9 mfululizo, ni kati ya saa 2 na nusu na saa 3. Redio ya mzee ipo palepale kwenye stuli, kaifunika kitambaa, hataki mtu aiguse.

Sasa naomba kujua kwa wenye uelewa, hivi huzuni inaweza kweli kuongeza maumivu ya mwili au ndo tunajifariji? Na kama inaweza, kwanini siku ya harusi yasisikike? Nisije nikawa namtetea mama kumbe dada ndo yuko sahihi.

---

Boda wa Mbezi:

Pole sana mkuu kwa msiba. Mimi sio dokta ila nakuelezea kilichonipata mwenyewe mwaka 2019.

Nilipata ajali usiku, nimebeba mama na mtoto wake wa miaka kama 4, gari ikatuchomekea tukaenda mtaroni. Mi akili yote kwa yule mtoto, nikasikia analia nikamwinua, nikapanda nae juu barabarani, nikamrudia mama yake nikamshika mkono, nikasimamisha bajaji, tukaenda wote mpaka zahanati. Pale ndo nesi ananiambia kaka kaa chini mguu wako. Kuangalia, mfupa mdogo wa chini ya goti umevunjika na suruali imelowa damu. Nilikuwa nimeutembelea mguu ule! Na nakuapia maumivu sikuyasikia mpaka pale niliposikia yule mtoto yuko salama, hapo ndo yakashuka yote kwa mpigo nikaanza kutetemeka.

Ila kitu nachotaka kukwambia ni cha baadae. Nilikaa nyumbani miezi 3 na pikipiki ilikuwa ya mtu, yeye anataka hesabu yake, na mimi nina watoto wawili na kodi. Mguu umeshaunga, picha inaonesha umeunga vizuri, lakini ikifika saa 11 jioni, muda wa kupeleka hesabu, simu ikiita tu mguu unawaka moto kuanzia kisiginoni. Mke wangu ndo aligundua, akaniambia mbona jumapili hauumi? Jumapili hakuna hesabu. Nilivyokuja kuelewana na yule mwenye pikipiki nikaanza kulipa kidogo kidogo, baada ya kama wiki 3 ule moto ukapungua sana. Hakuna dawa mpya niliyokunywa.

Kwahiyo mama yako namwamini kabisa.

---

Mtaa wa Pili:

Mkuu hapo mzee hajaridhika, mpeleke mama akasomewe, hayo ya saa 2 usiku sio ya hospitali.

---

Nesi Mstaafu:

Mwanangu pole, na mfikishie mama pole zangu. Nimefanya kazi wodini miaka 31, kati ya hiyo 12 ni wodi ya upasuaji, hili swali lako nimelisikia vitandani maisha yangu yote. Ngoja nikujibu kwa kirefu maana limenigusa.

Kwanza umwambie mama leo leo, haigizi. Maumivu anayoyasikia ni ya kweli kama ya mtu aliyevunjika. Dokta aliposema "ni mawazo tu" kosa liko kwenye hilo neno TU. Mawazo yanaingia kwenye maumivu kweli, ila yanapitia kwenye mwili, kwenye mishipa ya fahamu na ubongo, hayaelei hewani.

Sisi wengi tunadhani maumivu yanatoka mgongoni kama umeme unaotoka kwenye nguzo kuja kwenye taa, jeraha kubwa maumivu makubwa, jeraha dogo maumivu madogo. Ingekuwa hivyo kazi yetu ingekuwa rahisi sana. Kuna daktari wa usingizi wa Marekani, Henry Beecher, wakati wa vita kuu ya pili alikuwa na wanajeshi majeruhi kule Anzio Italia, 1944. Watu wamepasuliwa na mabomu, lakini aliowauliza kama wanataka mofini, karibu robo tatu walisema hapana, maumivu si makubwa kiasi hicho. Na sio kwamba walikuwa hawasikii kitu, akiwachoma sindano vibaya wanalalamika kama wewe na mimi. Baadae akalinganisha na raia waliofanyiwa upasuaji wa kawaida hospitalini, wale zaidi ya wanane katika kumi waliomba dawa ya maumivu. Yeye akaona tofauti ni maana ya jeraha. Kwa mwanajeshi kidonda kile ni tiketi ya kurudi nyumbani akiwa hai, kwa raia kidonda ni balaa limeingia kwenye maisha yake.

Sasa fikiria mgongo wa mama yako una maana gani kwake saa 2 na nusu usiku.

Jinsi inavyofanya kazi ni hivi. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Melzack na Wall, walisema kwenye uti wa mgongo kuna kitu kama geti. Taarifa za kuumia zikitoka kiunoni zinafika pale, na geti linaweza kuzipitisha nyingi au chache. Ndo maana mtoto akijigonga unamsugua na anatulia, ule msuguo unasaidia kubana geti. Lakini cha muhimu kwako ni kwamba ubongo nao una waya unaoshuka kutoka juu mpaka pale getini. Ukiwa na amani, umezama kwenye kazi, uko na watu unaowapenda, ubongo unatuma amri ya kubana, na unamwaga dawa zake wenyewe za ndani zinazofanana na mofini, zinaitwa endorfini. Ukiwa na huzuni, upweke, wasiwasi wa kitakachokuja, hulali vizuri, amri inageuka, geti linaachwa wazi, kijitatizo kidogo cha pingili kinafika juu kikiwa kikubwa.

Hilo ndo jibu la harusi. Siku ile mama alikuwa na wenzake, mikono ina kazi, moyo una furaha, geti limebanwa. Kesho yake misuli imechoka kweli kwa kukaa kwenye kigoda siku nzima, na nyumba iko kimya, na ni harusi ya kwanza anarudi peke yake. Mwambie dada yako kwa upole kwamba ugonjwa haukuchagua siku.

Na watu wakisema labda hizi ni imani tu, mwaka 1978 kule Marekani walichukua watu waliong'olewa magego, wakawapa dawa ya bandia isiyo na kitu ndani. Wapo waliopata nafuu. Kisha wakapewa dawa ya kuzuia mofini isifanye kazi mwilini, na ile nafuu ikapotea. Maana yake tumaini lao lilikuwa limefungulia dawa halisi ya ndani ya mwili, nyingine ikaja kuifunga.

Hofu nayo inaweza kuzalisha maumivu pasipo na jeraha kabisa. Kuna kisa kiliandikwa kwenye jarida la madaktari Uingereza mwaka 1995, fundi ujenzi wa miaka 29 aliruka akatua kwenye msumari wa sentimita 15, ukatoboa buti ukatokea juu. Kila wakiugusa anapiga kelele mpaka wakamlaza kwa dawa kali. Kuvua buti, msumari umepita katikati ya vidole, hata mkwaruzo hana. Yule kijana alikuwa hadanganyi, macho yake yaliona msumari na ubongo ukaamua.

Hata chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu, kwenye maana yao waliyoirekebisha 2020, wanasema maumivu ni hali ya hisia za mwili NA za moyo kwa pamoja. Mi naona Waswahili tulilijua zamani, sikiliza tunavyoongea: uchungu wa kuzaa ni uchungu, uchungu wa kufiwa ni uchungu. Mguu unauma, roho inauma.

Huyo aliyesema akasomewe, sina ugomvi nae, dua na kisomo vikimpa mama utulivu afanyiwe, atalala vizuri na hilo peke yake ni dawa. Ila msimwambie marehemu hajaridhika. Mnamuongezea hofu mjane.

---

Mama Warda:

Nesi umenitoa machozi hapo kwenye uchungu na uchungu.

Nina watoto wawili. Wa kwanza nilizaa nikiwa na miaka 21, nilipofika leba ndugu wote walibaki nje ya geti, mama yangu kashika beseni na kanga zangu anachungulia. Ndani peke yangu, dada mmoja kitanda cha pembeni anapiga kelele, nesi mmoja ananigombeza nikaze roho. Niliogopa jamani, niliogopa mpaka nikiona uchungu unakuja kwa mbali nabana meno na miguu na mabega kabla haujafika. Masaa 19. Nilikuwa na uhakika nakufa.

Wa pili nilijifungulia sehemu nyingine waliyoruhusu mtu mmoja aingie, nikaingia na shangazi. Shangazi hakufanya cha ajabu, alikuwa ananikandamiza hapa chini ya kiuno kwa kiganja na kusema "pumua mwanangu, huu unapita, huu nao unapita". Uchungu ulikuwepo, sidanganyi, ila ulikuwa una mwanzo na mwisho. Ule wa kwanza haukuwa na mwisho. Najua uchungu wa mtoto wa pili huwa unaenda haraka, lakini hata dakika kwa dakika haikuwa maumivu yaleyale.

Hivi nesi hili nalo wamelipima au ni mimi tu?

---

Nesi Mstaafu:

Wamelipima sana mama. Walikusanya tafiti 26 za nchi mbalimbali, wanawake zaidi ya elfu 15, ikatolewa 2017. Mwenye mtu wa kuwa nae muda wote wa uchungu anajifungua mapema zaidi, anatumia dawa za maumivu kidogo, na uwezekano wa kupasuliwa unapungua. Shirika la Afya Duniani limeweka kabisa kwenye mapendekezo yake ya 2018 kwamba kila mjamzito awe na mtu anayemchagua mwenyewe. Zamani hata sisi tulikuwa tunafukuza ndugu, tunaona wanatuletea fujo, wodi yenyewe haina pazia. Najuta kwa hilo. Na ile kubana meno na mabega uliyosema ndo yenyewe, hofu inakaza misuli, misuli iliyokaza inauma zaidi, maumivu yanaongeza hofu.

---

Mwl wa Kigoma:

Niongeze kidogo tu kwa ndugu yetu Boda. Kabla hajafika kwetu Ujiji, Livingstone alivamiwa na simba kule Mabotsa Afrika Kusini, mwaka 1844, akatafunwa bega na mkono ukavunjika. Aliandika mwenyewe kwamba wakati simba anamtikisa hakusikia maumivu wala hofu, alikuwa kama mtu yuko ndotoni, anaona kila kitu kinachoendelea. Mkono ule haukuunga sawasawa, na mwili wake ulipofikishwa London 1874 walimtambua kwa ule mfupa. Huwa nawaambia wanafunzi wangu, jeraha lilikuwepo miaka 30 baadae linaonekana, lakini maumivu siku ile hayakuwepo.

---

Fizio Kijana:

Nakubaliana na nesi ila naomba niweke breki kidogo, maana nimeona wagonjwa wamecheleweshwa kwa sababu familia ilisharidhika kwamba ni stresi.

Mkuu uliyeuliza, mama anapungua uzito? Anatoka jasho usiku au homa za jioni? Mgongo unamuamsha katikati ya usingizi hata akiwa ametulia tu? Miguu inakufa ganzi au inakosa nguvu, mkojo au haja vinamtoka bila kujua au vinakataa kutoka? Kuna sehemu moja ya uti wa mgongo ukiibonyeza anaruka? Moja ya hayo likiwepo mrudisheni hospitali haraka, na hilo la ganzi na mkojo ni siku hiyohiyo. Kwetu huku kifua kikuu kinaweza kukaa kwenye pingili mtu asikohoe hata siku moja. Huzuni na ugonjwa vinaweza kukaa kwenye mgongo mmoja.

Kama hakuna hata moja, basi kaa mbali na mazoea ya diklofenaki kila siku, kwa umri huo inakula tumbo, inaumiza figo na kupandisha presha. Mrudisheni kwa dokta mwenye muda wa kusikiliza, zipo dawa nyingine za maumivu ya muda mrefu ambazo zinafanya kazi kwenye mishipa ya fahamu na usingizi, ila ziandikwe na dokta, msijinunulie dukani. Na atembee. Kitu kinachowaua wagonjwa wangu ni kuogopa, mtu anaona akiinama mgongo utakatika, anakaa, misuli inalegea, inauma zaidi, anaogopa zaidi. Aanze dakika 10 asubuhi, wiki ijayo 15. Mgongo wa mama sio glasi.

---

Mwana wa Muheza:

Wakuu nimesoma zote mara mbili, nashukuru sana, sijui niseme nini.

Fizio, nimempigia usiku huu nikamuuliza moja moja. Uzito uleule, gauni za zamani zinamtosha. Hana homa, hana jasho, mkojo sawa, miguu haina ganzi. Akishalala anaamka na adhana. Tatizo ni kabla ya kulala. Ila nitamrudisha kwa dokta mwingine, wiki ijayo nachukua ruhusa kazini.

Nesi, kuna kitu nimekosea na naomba ushauri. Tangu msiba sisi watoto tuliamua tusimtaje mzee mbele yake tusimkumbushe. Akianza tunabadilisha mada. Je hili nalo linaweza kuwa linamuongezea?

---

Nesi Mstaafu:

Mwanangu mtajeni. Anamkumbuka kila siku saa 2 na nusu, tofauti ni kwamba anamkumbuka peke yake. Mpigie simu muda huo huo, muulize mzee alikuwa anasema nini akiingia. Akilia muache alie, usimkatishe.

---

Mwana wa Muheza:

Nimerudi, hii ni siku ya nne.

Juzi nilipiga saa 2 na dakika 20. Nikamuuliza kama alivyosema nesi. Alinyamaza kwanza, nikadhani mtandao umekata. Alafu akaanza, kumbe mzee alikuwa akiingia anauliza "kuna chai au mmemaliza", kila siku, na mama alikuwa anamwachia kwenye chupa ile ndogo ya kijani hata kama wengine hawajanywa. Tumeongea dakika 50. Alilia, mimi pia. Kabla ya kukata nikamuuliza mgongo vipi, akasema upo, ila leo umekaa mbali.

Jana ulimuuma sana tena, siwadanganyi. Ila dada alikuwa amelala pale, na mimi nilikuwa nimemtumia maelezo yenu yote akasoma kwenye simu. Ananiambia hakumwambia mama chochote kuhusu kudeka, alimkanda tu kwa taulo la moto, wakakaa. Alafu mama mwenyewe akatoa kile kitambaa kwenye redio akamwambia dada aijaribu kama betri bado zina moto.